Gari Hulalamika Kabla ya Kusimama: Somo kwa Madereva wa Pikapu Kuukuu

Katika pwani yetu ya kaskazini, kuanzia Quionga na Palma hadi Mocímboa da Praia na Macomia, pikapu kuukuu ndiyo ibebayo mihogo, samaki wakavu, magunia ya saruji, mgonjwa anayekimbizwa hospitali na abiria walioketi juu ya mizigo. Tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, gari kuharibika njiani si hasara ya mwenyewe peke yake. Pikapu moja ikikwama katikati ya msafara unaosindikizwa, magari ya nyuma husimama, wasindikizaji hulazimika kugawanyika, na abiria hubaki porini huku jua likishuka. Ndiyo maana tumeona vema kutoa somo la ufundi katika jarida la usalama.

Somo hili halimgeuzi dereva kuwa fundi. Lamfunza kusikiliza. Injini na gia hutoa dalili siku nyingi kabla ya kugoma, na kazi ya dereva ni kupambanua lipi laweza kungoja na lipi halingoji.

1. Injini kuchemka

Mchanga wa njia ya Palma kwenda Quionga na mlima wa kutoka Awasse kwenda Mueda hulifanya gari litumie gia ndogo kwa muda mrefu. Injini hutoa joto jingi ilhali upepo unaopita kwenye rejeta ni mchache. Asubuhi, injini ikiwa baridi, tufungue kifuniko cha rejeta na kutazama maji. Yakipungua kila siku bila tone kuonekana chini, tuangalie oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imeungua. Mapovu yasiyokoma katika rejeta injini ikinguruma yana maana hiyohiyo. Gari la namna hii lisitoke.

Kama dalili hizo hazipo, tutazame mambo mepesi kwanza: matope na mbegu za nyasi zilizoziba rejeta, mipira iliyopasuka, na mkanda wa feni. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba katikati, uingie kiasi cha sentimita moja. Ukizidi sana, umelegea.

Mshale wa joto ukipanda njiani na maji hayajamwagika, tupunguze mwendo na tufungue hita. Itachukua sehemu ya joto la injini. Mvuke ukitoka, tuzime mara moja. Kifuniko kisifunguliwe kukiwa na joto, kwani maji yanayochemka hurukia uso. Wala maji baridi yasimiminwe ghafla katika injini iliyochemka, maana silinda hedi hupasuka. Katika injini za dizeli za Hilux za zamani hilo ni jambo la kawaida.

2. Rangi ya moshi

Moshi mweusi wasema kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa: tuanze na chujio la hewa, kisha nozeli. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Gari laweza kusafiri iwapo oili inapimwa na kuongezwa, lakini ringi zinakwisha. Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli asubuhi, unaokoma injini ikipata joto, mara nyingi ni plagi za kupasha joto. Moshi mweupe usiokoma, huku maji ya rejeta yakipungua, waturudisha kwenye gasketi.

3. Injini kukosa nguvu na kuzimika

Dizeli inayouzwa kwa madumu mara nyingi huchanganyika na maji, hasa wakati wa masika. Tulegeze koki iliyo chini ya chujio la dizeli na tuyaache maji yatoke hadi itoke dizeli tupu. Injini ikizimika, kisha ikawaka baada ya kupiga pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, hewa inaingia mahali fulani: tukague mipira na vibano vyake.

Tuulize pia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Injini za 2L, 3L na 5L, zilizomo katika Hilux nyingi za dizeli, hutumia mkanda huo. Ukikatika, valvu hugongana na pistoni, na hakuna ufundi wa kando ya barabara utakaoiamsha injini hiyo.

4. Klachi na gia

Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki mlimani, huenda klachi inateleza. Tupime mahali tambarare pasipo watu: tuvute breki ya mkono, tuingize gia ya nne, kisha tuachie klachi taratibu. Injini nzima yapasa kuzimika. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha.

Gia zikigoma kuingia, tusiilaumu giaboksi upesi. Tutazame kwanza kikopo cha mafuta ya klachi na silinda ndogo iliyo ubavuni mwa giaboksi kama inavuja. Sauti inayosikika pedali ikikanyagwa ni ya beringi ya klachi. Inayosikika gari likiwa huru na kunyamaza pedali ikikanyagwa hutoka ndani ya giaboksi. Gia inayochomoka yenyewe kwenye mteremko ni hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu dereva hupoteza msaada wa injini katika kufunga mwendo.

Klachi ikikataa kabisa kuachia njiani, pikapu nyingi za zamani zaweza kuokolewa hivi: tuzime injini, tuingize gia ya kwanza, njia ya mbele ikiwa wazi tuwashe kwa stata. Gari litaondoka lenyewe, nasi tutafika kwenye makazi ya watu polepole bila kubadili gia.

5. Tukikwama

Tulisogeze gari pembeni, tuweke pembetatu mbele na nyuma, tuwashushe abiria upande ulio mbali na magari, wasitawanyike wala kuingia porini. Tumwarifu kiongozi wa msafara papo hapo na kwa ukweli. Dereva asemaye "dakika tano tu" kwa tatizo la saa tatu huwaweka wote hatarini.

Zaidi ya yote, ukweli huo usemwe kabla ya kuondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kukiri kwamba gari halifai leo si aibu; aibu ni kuchukua nauli ya mama mwenye mtoto mgongoni hali tunajua gasketi imeungua. Asubuhi, kabla ya kupakia mzigo wa kwanza, tufungue boneti, tupime maji na oili, tukanyage klachi, kisha tusikilize.