Damu Ipimwe, Isikisiwe: Kutokwa Damu Nyingi Baada ya Kujifungua

Mama amejifungua. Mtoto amelia, amefutwa na kulazwa juu ya kifua cha mama yake, na kondo la nyuma limetoka. Mkunga aliye peke yake zamu ya usiku anatazama kitandani, anaona damu kwenye khanga, anaandika katika jalada "mililita 200", kisha anakimbilia kitanda cha pili ambako mama mwingine ameanza kusukuma. Nusu saa baadaye anaporudi, mama wa kwanza amepauka, anatokwa na jasho la baridi, na mapigo ya moyo yamefika 130 kwa dakika. Damu ilikuwa ikitoka pole pole chini ya makalio na kunyonywa na khanga zilizokunjwa. Hakuna aliyeiona.

Hali ya namna hii hutokea hata mahali ambapo dawa zimo kabatini na mkunga ni hodari. Ndiyo sababu kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua hakuwezi kuelezwa kwa upungufu wa vifaa peke yake, ingawa upungufu huo upo na haupaswi kufichwa. Mara nyingi kinachokosekana kwanza ni kipimo.

Mimba inapotimiza miezi tisa, mfuko wa uzazi hupokea zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo linapobanduka, mishipa iliyokuwa ikililisha hubaki wazi, na huzibwa hasa kwa nguvu ya misuli ya mfuko wenyewe inayojibana. Misuli ikilegea, mishipa hubaki wazi. Kulegea huko ndiko chanzo kikuu cha tatizo hili. Vyanzo vingine ni michubuko na michaniko ya njia ya uzazi, mabaki ya kondo, na damu kushindwa kuganda. Mwili wa mwanamke kijana hustahimili kwa muda: mapigo huongezeka huku shinikizo la damu likibaki karibu na kawaida, na mhudumu anayetazama shinikizo peke yake huamini kuwa mambo ni shwari. Shinikizo linaposhuka, muda mwingi wa kutenda umekwisha kupotea. Kwa mama aliyeingia leba akiwa tayari na upungufu wa damu, ustahimilivu huo ni mdogo zaidi.

Jicho nalo hudanganya, hata la mtaalamu wa miaka mingi. Damu huchanganyika na maji ya uzazi, hulowa katika vitambaa, humwagika sakafuni. Kadiri kiasi kilichopotea kinavyokuwa kikubwa, ndivyo makisio yanavyozidi kuwa chini ya ukweli. Yaani jicho hukosea zaidi pale pale ambapo kosa ni la hatari zaidi.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika nusu ya hospitali hizo huduma iliendelea kama ilivyozoeleka. Katika nusu nyingine, mara mtoto alipozaliwa, mama aliwekewa chini ya makalio shuka la plastiki lenye mfuko uliochorwa vipimo vya mililita. Mkunga alisoma kipimo kila baada ya dakika 15 katika saa ya kwanza, pamoja na kupima mapigo, shinikizo, na ugumu wa mfuko wa uzazi. Tatizo lilipobainika, matibabu yote ya mwanzo yalitolewa kwa pamoja.

Katika hospitali zilizopima, tatizo liligunduliwa kwa wanawake 93 kati ya kila 100 waliokuwa nalo. Katika zile zilizokisia, kwa 51 tu. Wanawake waliopoteza lita moja au zaidi, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya kutokwa damu, au waliofariki kwa sababu hiyo, walikuwa asilimia 1.6 upande wa kwanza na asilimia 4.3 upande wa pili. Inafaa kusema kwa uaminifu kwamba tofauti hiyo ilitokana hasa na kupungua kwa kutokwa damu kukubwa. Vifo vyenyewe vilikuwa vichache mno pande zote mbili kuweza kutoa hukumu.

Neno "kwa pamoja" lina uzito. Desturi ya wodi nyingi ni kujaribu dawa moja, kungoja, kumwita daktari, kujaribu nyingine. Kila kungoja kuna gharama yake kwa mililita. Badala yake, mkono mmoja hukanda mfuko wa uzazi, mwenzake huweka dripu yenye oksitosini, hutolewa gramu 1 ya asidi ya traneksamiki kupitia mshipa pole pole kwa dakika 10, kibofu huhakikishwa kuwa ni tupu, na njia ya uzazi hukaguliwa kutafuta michaniko. Kukiwa na watumishi wawili, haya yote huwezekana ndani ya robo saa. Asidi ya traneksamiki hutolewa ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe; kila dakika 15 za kuchelewa hupunguza faida yake kwa takriban asilimia 10, na saa 3 zikipita dawa hiyo haisaidii tena.

Oktoba 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka matibabu yaanze mapema zaidi. Kutosubiri mililita 500 ndilo badiliko lenyewe: damu ikifika mililita 300 na kukawa na dalili moja isiyo ya kawaida, kwa mfano mapigo kupita 100 kwa dakika, au namba ya mapigo kuwa kubwa kuliko namba ya juu ya shinikizo, kazi ianze.

Hospitali isiyo na mashuka hayo haina udhuru wa kurudi kwenye kukisia. Mizani ipo karibu kila mahali. Khanga na pedi zikipimwa kabla hazijalowa na baada ya kulowa, gramu moja iliyoongezeka huhesabiwa kuwa mililita moja ya damu. Oksitosini ihifadhiwe kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, maana iliyokaa katika joto hupoteza nguvu huku chupa ikionekana nzima. Dawa na vifaa vyote vya dharura vikae ndani ya kisanduku kimoja katika chumba cha kujifungulia, kijazwe upya kila kinapotumika. Kabati lililofungwa, ufunguo ukiwa nyumbani kwa mfamasia, halina tofauti kubwa na kabati tupu.

Mama na jamaa zake nao wana sehemu. Bado husemwa kwamba damu inayotoka ni damu chafu, iachwe iishe. Damu kidogo baada ya kujifungua ni ya kawaida. Vitambaa viwili au vitatu kulowa ndani ya nusu saa si kawaida, wala si kawaida mama kuhisi kizunguzungu, kiu kali au moyo kwenda mbio. Jamaa aliye karibu amwite mkunga hapo hapo, bila kuona haya kwamba anasumbua. Mama asiombewe ruhusa ya kwenda nyumbani kabla ya saa 24. Na ndugu wenye afya wachangie damu mapema, wakati wa kliniki, kabla haijatafutwa usiku.

Ikiwa damu haikomi, rufaa isingoje. Mama asafiri na mkunga, dripu ikiendelea kuingia na mfuko wa uzazi ukiendelea kubanwa kwa mikono. Katika karatasi ya rufaa iandikwe damu iliyopimwa kwa mililita, muda mtoto alipozaliwa, na muda dozi ya kwanza ya asidi ya traneksamiki ilipotolewa, kwani baada ya dakika 30 damu ikiwa bado inatoka anaweza kupewa ya pili, na anayempokea hataweza kujua hilo kwa kumtazama usoni.