SOMO LA MAKATIBU: KUTAFUTA NA KUTAJA MAANDISHI YANAYOHUSIANA

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha katibu wa chama cha msingi, kabla ya kuandika taarifa, kutafuta maandishi mengine yanayohusu jambo lile lile, na kuyataja kwa namna ambayo msomaji ataweza kuyapata.

Ichukuliwe kwamba katibu wa chama wilayani Handeni anataka kuwaandikia wanachama juu ya mahindi yanayogeuka unga ghalani kwa kuliwa na dumuzi. Mdudu huyu asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kujulikana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Mengi yamekwisha andikwa juu yake. Katibu akiandika kana kwamba yeye ndiye wa kwanza, wanachama watarudia makosa yaliyokwisha gharimu watu wengine chakula chao.

Hatua za kufuata

1. Aanze nyumbani. Apekue majalada ya chama na mihtasari ya mikutano, hasa sehemu ya Yatokanayo. Chama kilichokuwapo kabla ya mwaka 1976, vyama vilipovunjwa, huenda karatasi zake zikapatikana katika ofisi ya kijiji, kwa kuwa vijiji ndivyo vilivyochukua kazi za vyama vya msingi.

2. Aulize kwa jirani. Vyama vya Korogwe navyo vina wanachama wanaolima mahindi. Barua fupi kwa katibu mwenzake, kwa Afisa Ushirika na kwa Afisa Ugani yaweza kuleta taarifa ambayo haikujulikana kuwapo.

3. Apime uhusiano. Si kila andiko juu ya wadudu wa ghalani linafaa. Dawa iliyotosha kuua fukusi haikumtosha dumuzi. Ndiyo sababu wataalamu walishauri mahindi yapukuchuliwe na kuchanganywa na dawa yenye viini viwili, kimoja cha fukusi na kingine cha dumuzi. Katibu atakayetaja waraka wa fukusi kwa jambo la dumuzi atakuwa amewapoteza wanachama.

4. Ataje kikamilifu. Kusema tu "kama ilivyoelezwa na chama jirani" hakumsaidii mtu. Aandike jina la chama au ofisi, kichwa cha taarifa, Kumb. Na., tarehe, kifungu, na mahali nakala ilipo.

5. Aeleze kilichomo. Sentensi moja au mbili zatosha kumwonyesha msomaji faida ya kuisoma taarifa hiyo. Ikiwa inapingana na maoni ya chama chake, aseme hivyo waziwazi, wala asiifiche.

6. Apeleke nakala. Chama kilichotajwa kipewe nakala ya taarifa mpya, nacho kiiweke katika jalada lake. Hivyo, atakayesoma taarifa ya Korogwe ataijua ya Handeni, na wa Handeni ataijua ya Korogwe.

Tahadhari

Tarehe isiachwe kamwe. Waraka wa miaka arobaini iliyopita waweza kuwa sahihi kuhusu tabia za mdudu, lakini kipimo cha dawa kisinakiliwe kutoka humo. Kifuatwe kibandiko cha dawa inayouzwa sasa na ushauri wa Afisa Ugani. Aidha, waraka huo hautataja mifuko isiyopitisha hewa, ambayo siku hizi huhifadhi nafaka bila dawa. Katibu asitaje andiko ambalo hakulisoma mwenyewe.

Taarifa iliyoandikwa hivi humpa mwanachama uwezo wa kuhakikisha. Hatalazimika kumwamini katibu kwa maneno matupu. Atafungua jalada na kujionea mwenyewe kabla ya kuhatarisha chakula cha nyumba yake hadi mavuno yajayo.

Maswali ya kujadili

1. Je, mwanachama akitaka kuona muhtasari wa mkutano wa miaka mitano iliyopita, atauona? Nani anatunza jalada hilo?

2. Ni jambo gani la chama chenu ambalo chama jirani kimekwisha liandikia?

3. Chukueni taarifa ya mwisho ya chama chenu. Ni maandishi gani yalistahili kutajwa humo, na hayakutajwa?