Milango Miwili ya Uwakili, na Fedha za Kuifungua

Wanafunzi wa vidato vya juu wakiulizwa wataka kufanya kazi gani, hawakosi wachache wa kujibu, "Nataka kuwa wakili." Jibu hilo ni jema. Lakini wakiulizwa swali la pili, yaani ni nani atakayelipa, wengi hunyamaza, au husema tu, "Serikali itanikopesha." Somo letu ni juu ya swali hilo la pili. Tutatazama jinsi fedha za kusomea sheria zipatikanavyo katika Kenya, Tanzania na Uganda, maana wasomaji wetu hutoka pande zote tatu. Kisha tutatazama namna ya kuomba, na mambo yanayompasa mtu akishakopa. Wanafunzi wa zamani nao wana sehemu yao humu, basi wasiache kusoma hadi mwisho.

1. Milango miwili

Zamani kijana wa Afrika ya Mashariki aliyetaka kuwa wakili ilimlazimu kuvuka bahari, na wengi walikwenda London. Mwaka 1961 Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Dar es Salaam, nacho kilikuwa cha kwanza cha namna hiyo katika nchi zetu. Kilipokea vijana wa Kenya, Uganda na Tanganyika pamoja.

Lakini shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Mwenye shahada ameijua sheria. Wakili yampasa pia ajue kuandika hati ya madai, kumhoji shahidi, na kutunza fedha za mtu mwingine bila kuzichanganya na zake. Kwa sababu hiyo kila nchi ina mahali pa kufundishia kazi yenyewe. Kenya ina Kenya School of Law, iliyoanza mwaka 1963 mjini Nairobi. Uganda ina Law Development Centre, iliyoanzishwa mwaka 1970 mjini Kampala. Tanzania ina Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha mwaka 2008 huko Dar es Salaam.

Basi njia ya uwakili ina milango miwili. Wa kwanza ni chuo kikuu, ambako katika vyuo vingi mtu hukaa miaka minne. Wa pili ni hayo mafunzo ya kazi, ambayo ni kiasi cha mwaka mmoja, au zaidi kidogo. Huko Kenya, kwa mfano, mwanafunzi baada ya masomo ya darasani hufanya kazi miezi sita chini ya wakili mzoefu, tena hufanya mtihani wa Baraza la Elimu ya Sheria.

Hapa ndipo vijana wengi wanapokwama. Fedha alizopewa mtu kwa mlango wa kwanza hukoma siku anapopata shahada yake. Hazimfuati kwenye mlango wa pili. Nyumbani watu wamekwisha kusherehekea, mbuzi amechinjwa, na jirani wanamwita "wakili wetu"; kumbe karo ya mlango wa pili haijulikani itatoka wapi. Jambo kubwa la kushika katika somo hili ni moja: hesabu njia nzima kabla hujaanza kutembea.

2. Fedha ni za namna ngapi?

Ufadhili, ambao wengine huuita ruzuku, ni fedha usizorudisha. Hutolewa kwa sababu ya alama nzuri, au kwa sababu ya umaskini wa nyumbani, au kwa yote mawili. Mkopo ni fedha utakazorudisha, hata ikiwa anayekukopesha ni serikali. Mchango wa jamaa ni fedha ya namna ya tatu: haina riba ya benki, lakini ina deni la heshima. Mwombaji mwenye akili hutafuta ufadhili kwanza, mkopo baadaye, na mchango wa jamaa huuweka akiba kwa ajili ya mlango wa pili.

3. Nchi tatu

Kenya. Serikali ilianza kuwakopesha wanafunzi tangu mwaka 1952, lakini wakati ule mikopo ilikuwa ya wale waendao kusoma ng'ambo. Mwaka 1974 mikopo ilianza kutolewa kwa wanafunzi wa chuo kikuu cha humu nchini, na sheria ya mwaka 1995 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ijulikanayo kwa herufi zake, HELB. Mwaka 2023 ulianza mpango mpya: gharama ya mwanafunzi hugawanywa sehemu tatu, yaani ufadhili, mkopo, na sehemu ya nyumbani, kwa kadiri ya hali ya wazazi. Mpango huo ulipelekwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba haupatani na katiba; serikali ikakata rufani. Kwa hiyo mwombaji asitegemee maneno ya kaka yake aliyeingia chuo zamani, bali asome tangazo la mwaka wake mwenyewe. Aingiaye Kenya School of Law aweza kuomba mkopo wa HELB, lakini ni ombi jipya, si kuendelea kwa lile la kwanza.

Tanzania. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Bodi hutazama mambo mawili makubwa: uhitaji wa mwombaji, na somo alilochagua. Masomo yamepangwa kwa makundi, na sheria haimo katika kundi la kwanza pamoja na udaktari na uhandisi. Maana yake si kwamba mwanafunzi wa sheria hapati. Maana yake ni kwamba yampasa athibitishe uhitaji wake vizuri zaidi, tena awe tayari kupewa sehemu tu ya alichoomba. Kwa mlango wa pili, Bodi imeanza kutoa mwongozo wake wa peke yake kwa wanafunzi wa mafunzo ya sheria kwa vitendo. Mwongozo huo lazima usomwe mbali na ule wa shahada.

Uganda. Bodi ya kugharimia wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na mikopo yake ilielekezwa hasa kwa masomo ya sayansi na ufundi. Kwa hiyo kijana wa Uganda anayetaka sheria atazame kwanza nafasi zinazolipiwa na serikali katika vyuo vikuu vya umma. Hizo hugawanywa kwa alama za mtihani, na nyingine kwa hesabu ya wilaya. Akizikosa, itambidi ategemee wafadhili wengine na watu wa nyumbani. Habari hii si tamu, lakini ni afadhali kuisikia ungali darasani kuliko kuisikia umekwisha kufika chuoni na sanduku lako.

Tena kumbuka: bodi ya nchi hukopesha raia wa nchi hiyo. Kusoma sekondari katika nchi jirani hakukupi haki ya mkopo wa nchi hiyo, wala hakukuondolei haki ya kwenu.

4. Namna ya kuomba

Siku hizi maombi hufanywa kwa mtandao, lakini kazi yenyewe ni ya karatasi, nayo huanza mapema.

Kwanza, majina. Jina lililo katika cheti cha kuzaliwa liwe lile lile lililo katika cheti cha mtihani. Ikiwa moja lasema Mohamed na jingine Muhammad, rekebisha sasa kwa njia ya sheria, kwa hati ya kiapo au kama ofisi ya vyeti itakavyokuelekeza. Usingoje wiki ya mwisho.

Pili, namba ya mtihani. Huko Tanzania namba ya kidato cha nne unayoombea chuo ndiyo uombee mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba mbili, naye akizichanganya ombi lake halisomeki kuwa la mtu mmoja.

Tatu, vyeti. Yatima aonyeshe vyeti vya vifo vya wazazi. Tanzania Bara vyeti vya kuzaliwa na vya vifo huhakikiwa na RITA, na Zanzibar na wakala wa usajili wa huko. Uhakiki huo huchukua siku, na siku hizo huhesabiwa ndani ya muda wa kuomba.

Nne, mdhamini. Mweleze kwa ukweli anatia sahihi kitu gani. Mtu asiitwe barazani kwa chai, kisha akawekewa karatasi mbele yake asiyoijua.

Tano, usiseme uongo. Usijiite yatima na baba yu hai, wala usipunguze mali ya nyumbani. Uongo katika fomu ni kosa la sheria, na anayetaka kuwa wakili atachunguzwa tabia yake kabla ya kukubaliwa.

Sita, usikate tamaa upesi. Orodha ikitoka bila jina lako, au ukipewa kidogo, tazama kama nafasi ya rufaa imefunguliwa. Rufaa nzuri haileti machozi tu. Huleta karatasi ambayo haikuwamo katika ombi la kwanza.

5. Mkopo ni mkataba

Yeyote anayetaka kuwa wakili ajue kwamba fomu ya mkopo huenda ndiyo mkataba wa kwanza atakaotia sahihi maishani mwake. Aisome kama wakili. Riba ni kiasi gani? Kulipa kunaanza lini? Asiyelipa atafanywaje?

Huko Kenya riba ya mkopo wa shahada ni asilimia 4 kwa mwaka. Deni huanza kudaiwa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, na anayeshindwa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Tazama sasa: mafunzo ya mlango wa pili pamoja na ile miezi sita ya kazi ni zaidi ya mwaka mmoja. Basi mtu aweza kuanza kudaiwa mkopo wa mlango wa kwanza naye angali ndani ya mlango wa pili, bila mshahara. Mtu huyo yampasa kuiandikia Bodi mapema, aeleze hali yake na aombe shauri. Anayenyamaza huhesabiwa pamoja na wanaokimbia.

Huko Tanzania mkopaji aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka 2016 ilikuwa asilimia 8. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa shilingi 150,000 kila mwezi, kabla hajalipa kodi ya nyumba wala kumtumia mama chochote. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikilifanya deni lisipungue, iliondolewa mwaka 2021.

Wazee walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema tusikope. Mtoto wa mkulima asiyekopa huenda asisome kabisa. Walitaka tujue siku ya matanga itakuwa lini, tujiandae.

6. Neno kwa wanafunzi wa zamani

Ndugu zetu mliotangulia, wengi wenu mlisomeshwa kwa fedha za mikopo hii. Fedha mnayorudisha hukopeshwa tena kwa aliye nyuma yenu. Anayekwepa deni humnyima mdogo wake kitanda chuoni. Tena mnaweza kusaidia bila fedha. Wakili aweza kumshuhudia kijana kiapo chake bila malipo. Mwalimu aweza kumsomea mwongozo. Mtumishi wa serikali aweza kukubali kuwa mdhamini. Na mkitaka kuchanga, fikirini kuuchangia mlango wa pili, maana wa kwanza una wafadhili wengi, na wa pili husahauliwa.

Kazi ya kufanya

Chukua karatasi, igawe sehemu mbili. Upande wa kushoto andika gharama za mlango wa kwanza: karo, chakula, malazi, vitabu, nauli. Upande wa kulia andika zile zile kwa mlango wa pili. Chini ya kila gharama andika itatoka wapi. Kisha jibu maswali haya:

1. Kwa nini mwenye shahada ya sheria si wakili bado?
2. Ni gharama zipi katika karatasi yako ambazo hazina jina la mlipaji chini yake?
3. Kijana wa Kenya amemaliza shahada mwezi wa kumi na mbili, akaanza mafunzo ya uwakili miezi miwili baadaye. Deni lake la kwanza litaanza kudaiwa lini, naye atakuwa wapi wakati huo?
4. Mtu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi wa shilingi 800,000. Hubakiwa na kiasi gani?
5. Majina yako katika vyeti vyote ni mamoja? Usijibu kwa kukumbuka. Nenda ukavitazame.