Uonevu wa Wanafunzi Shuleni: Dalili Zake na Sababu Zake

Katika somo letu hili tumependa kulieleza jambo ambalo wazazi wengi hulidharau, nalo ni uonevu wafanyiwao wanafunzi na wanafunzi wenzao. Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa pwani. Jamaa zetu huhamia bara kwa kazi na biashara, wakakaa katika mitaa kama Membley, huko Ruiru kwenye njia ya Thika. Mtoto wa Mombasa au Lamu akiingia darasa la huko huingia na lafudhi yake na mavazi yake, naye yu peke yake. Na aliye peke yake ndiye atafutwaye na mwonevu.

Kwanza yatupasa tujue uonevu ni nini, kwani si kila ugomvi ni uonevu. Wawili walio sawa wakigombana leo na kesho wakacheza pamoja, huo ni ugomvi tu. Mtaalamu Dan Olweus, aliyeanza kulichunguza jambo hili huko Skandinavia katika miaka ya 1970, alitaja alama tatu: kukusudia kudhuru, kurudia tendo mara kwa mara, na mwonevu kuwa na nguvu kuliko mwonewa. Nguvu hizo zaweza kuwa za mwili, za umri, za ukiranja au za wingi wa watu. Wala madhara si ngumi peke yake: kumbandika mtu jina la fedheha, kumtenga, kumnyang'anya fedha, na siku hizi kumtangazia aibu kwa simu, yote ni uonevu. Nayo aya ya 11 ya Surat al-Hujurat imekwisha kukataza dharau na kuitana kwa majina mabaya.

Baadhi ya watu husema: "Huo ni mzaha wa watoto, sisi nasi tulifanyiwa, tukakua." Twawajibu: mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwaka 2017 Alliance High School, iliyoko Kikuyu katika Kaunti hiyo hiyo ya Kiambu, ilitajwa magazetini kwa mateso ya wanafunzi wapya waliokuwa wakiitwa "mono". Viranja walituhumiwa, Wizara ya Elimu ikachunguza, na mwalimu mkuu akastaafu kabla ya wakati wake. Ikiwa shule iliyoanzishwa mwaka 1926, yenye sifa nchi nzima, haikusalimika, ni ipi tutakayoiamini kwa jina lake tu? Na huko kusema "tulifanyiwa" ndiko kuuendelezako ugonjwa: aliyeonewa akiwa mgeni hungoja awe mkubwa, kisha akalipiza kisasi kwa asiyemkosea.

Ama dalili zake, mzazi asingoje kuambiwa. Mtoto hunyamaza kwa kuogopa kulipizwa, au kwa haya, au kwa kuwa aliwahi kusema akachekwa. Basi tutazame: tumbo liumalo asubuhi ya Jumatatu lisiume Jumamosi; daftari na nguo zilizoraruka; fedha zipoteazo kila mara; kurudi na njaa ilhali alipewa chakula; kuikimbia njia aliyoizoea; alama kushuka; usingizi kupotea. Dalili moja haitoshi kuwa ushahidi, lakini zikikusanyika hazifai kupuuzwa.

Tumwulizeje? Tukianza na "Nani kakupiga?" atafunga mdomo. Na tumwulize: "Leo wakati wa mapumziko ulikaa na nani?" Akijibu siku baada ya siku kuwa hakukaa na mtu, tumekwisha kujua pa kuanzia. Tuandike siku na tukio, kisha tumwendee mwalimu wa darasa kwa adabu na kwa ushahidi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, imekataza mwanafunzi kuteswa kwa mwili au kwa nafsi. Na simu ya 116 hupokea habari za watoto bila ya malipo.

Na lau itadhihiri kuwa mwonevu ni mwana wetu, tusimtetee. Tuitazame kwanza nyumba yetu: je, mwenye nguvu humo husema kwa maneno au kwa mkono? Mtoto hupeleka shuleni alichokiona nyumbani. Udongo upate uli maji, ukikauka haufinyangiki.