Taa Nyekundu Kwenye Reli

Wilaya zetu za Mbinga na Nyasa hazina reli, na pengine mtajiuliza ukurasa wa afya una habari gani na garimoshi. Lakini malori yetu ya kahawa na makaa ya mawe, na mabasi wanayopanda watoto wetu kwenda shule za mbali, yakifika Makambako yamekwisha kukutana na reli ya TAZARA. Novemba 2023, huko Manyoni mkoani Singida, basi liligongana na garimoshi, wakafa watu 13.

Dereva aliyezoea milima yetu hudhani mwendesha garimoshi atamwona na kumkwepa. Hawezi. Garimoshi halina usukani, na likiwa na mzigo huweza kwenda kilometa moja au zaidi baada ya kufunga breki ndipo lisimame. Tena kitu kikubwa kikiwa mbali huonekana kinakuja polepole. Hapo ndipo dereva hujidanganya kuwa atawahi. Basi taa nyekundu zikiwaka asimame, hata kama reli ni tupu. Garimoshi likipita, angoje taa zizimike, huenda la pili linafuata. Pasipo na taa, azime redio, afungue dirisha, atazame pande zote mbili.

Abiria nao wasione haya; kumwambia dereva "simama" si utovu wa adabu. Gari likizimika juu ya reli, wote washuke mara moja na mizigo iachwe. Wakimbie mbali na reli, kwa mshazari kuelekea upande garimoshi linakotoka, maana gari likigongwa vipande vyake hurushwa mbele.