SOMO LA ROBO HII: TUPIME SAFARI KABLA YA BAJETI



Bajeti zetu za safari hupungukiwa pale tunapohesabu muda wa ndege peke yake. Tujifunze kwa safari ya Sumbawanga hadi Dar es Salaam.

1. Kwa mstari ulionyooka kwenye ramani ni kama kilomita 850.

2. Kwa barabara, kupitia Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, ni kama kilomita 1,150. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ni saa 19 bila kupumzika.

3. Ndege kutoka uwanja wa Songwe, uliofunguliwa mwaka 2012, hutumia saa moja na kidogo. Lakini kufika Songwe ni kama kilomita 300, yaani saa tano. Ongeza saa mbili za kusubiri: jumla zaidi ya saa nane.

Kwa hiyo mgonjwa wa rufaa au mgeni anayepitia Songwe anahitaji pia nauli ya gari, chakula na pengine malazi. Tusipoyaandika mapema, tutayalipa kwa fedha za visima. Luka 14:28 yatufundisha kuhesabu gharama kwanza.

Swali la kujadili: Kutoka mtaa wenu hadi Sumbawanga mjini ni saa ngapi wakati wa masika?