Vumbi ndani ya gari: Chagua mashine kwa chujio, si kwa kelele

DEREVA wa lori la masafa marefu anayesubiri kuvuka mpaka pale Malaba hana gari tu. Ana chumba cha kulala, meza ya kulia na ofisi, vyote ndani ya kebini moja. Mwaka wa 2020, madereva walipokuwa wakipimwa Korona mpakani, foleni ya malori ilinyooka kwa makumi ya kilomita na wengi walilala humo kwa siku kadhaa. Siku hizi hali ni afadhali, lakini bado dereva hupitisha saa nyingi akivuta hewa ya kebini. Je, hewa hiyo ni safi?

Nauliza kwa sababu ya mgonjwa mmoja aliyenijia, dereva mwenye pumu tangu utotoni. Alikuwa amekaa miaka bila shida, kisha kifua kikaanza kumbana kila Jumapili jioni. Nilimwuliza, "Ndugu, Jumapili hufanya nini?" Akajibu, "Daktari, hiyo ndiyo siku yangu ya kusafisha kebini. Nimenunua hata vakyumu."

Nilimwomba aje nayo. Ilikuwa ndogo, ya kuchaji, yenye kelele nyingi. Nilitandaza leso nyeupe mbele ya matundu ya kutolea hewa, naye akafyonza godoro lake la kebini kwa dakika mbili. Leso iligeuka kijivu. Mashine ilikuwa ikishika mchanga na makombo, halafu vumbi laini ikilitema upande wa pili, karibu na uso wake.

Vumbi linaloua pumzi halionekani

Unywele wa binadamu una unene wa karibu maikromita 70, na maikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mchanga unaouona sakafuni mwa gari ni mkubwa mno kufika mapafuni. Chembe zilizo chini ya maikromita 10 ndizo zinazopita pua na koo, na zile zilizo chini ya 2.5 huweza kufika hadi kwenye vifuko vya hewa.

Ndani ya gari vumbi hilo hutoka barabarani na katika viwanja vya kuegesha visivyo na lami, katika moshi wa dizeli, na katika mizigo kama mahindi na saruji. Kuna pia utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi katika godoro na viti vya kitambaa na kula ngozi inayopukutika mwilini mwetu. Kinyesi chao ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu.

Kufyonza, si kupuliza

Katika sehemu nyingi za kuoshea magari, vijana husafisha ndani ya matatu kwa kupuliza hewa ya kompresa au kwa kupiga viti kwa brashi kavu. Kiti huonekana safi, lakini vumbi limeruka tu. Baada ya muda litatua palepale, na lililobaki limeingia katika kifua cha kijana mwenyewe.

Jambo hili lilitambuliwa zamani. Mwaka wa 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, alitazama mashine iliyojaribu kuondoa vumbi kwa kulipuliza. Yeye aliona afadhali lifyonzwe. Alitandaza leso juu ya kiti cha mkahawa, akaweka mdomo na kuvuta pumzi. Leso ikashika uchafu. Hapo ndipo ilipoanzia safari ya mashine yake ya kufyonza vumbi. Somo lake halijabadilika: kinachofanya kazi ni kitambaa kinachozuia, yaani chujio.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, chujio. Tafuta lenye alama ya HEPA. Chujio la kweli la aina hiyo hunasa angalau asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikromita 0.3. Usitosheke na maandishi ya "mfano wa HEPA". Tafuta kiwango chenyewe, au alama H13 inayotumika Ulaya. Tazama pia kama chujio linakaa sawasawa na lina mpira wa kuziba pembeni, kwani hewa ikipata upenyo haitapita kwenye chujio. Uliza kama chujio la akiba linapatikana. Bila hilo, rahisi itakuwa ghali.

Pili, umeme. Magari madogo mengi hutumia volti 12, lakini malori makubwa mengi hutumia volti 24. Ukichomeka mashine ya volti 12 katika lori la volti 24, utaiunguza. Isitoshe, fyuzi ya tundu la kiberiti cha gari aghalabu ni ya ampea 10 au 15. Zidisha kwa volti 12: unapata wati 120 au 180, basi. Mashine ya kuchomeka hapo ikiandikwa wati 1,000, muuzaji anakudanganya.

Tatu, nguvu. Wati ni kiasi cha umeme unaoliwa, si nguvu ya kufyonza. Ijaribu dukani kwa kumwaga mchele kidogo na mchanga juu ya zulia. Kwa mwenye gari moja, ya kuchaji yenye chujio jema yatosha. Kwa mwenye matatu kadhaa au sehemu ya kuoshea magari, kubwa ya kufyonza vikavu na maji ndiyo inayofaa, hasa wakati wa mvua na matope.

Nne, midomo yake. Unahitaji mwembamba wa kuingia pembeni mwa viti na wenye brashi kwa vitambaa.

Namna ya kuitumia

Fungua milango yote na uegeshe nje. Usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa ili kupata umeme wa mashine. Moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua. Anza juu, dashibodi na viti, umalizie sakafuni. Ukimaliza, acha milango wazi kwa nusu saa kabla ya kuingia tena. Chombo cha vumbi kimwage nje, polepole, pua na mdomo vikiwa vimefunikwa. Chujio la kuoshwa likaushwe kabisa, la sivyo litaota ukungu.

Kamwe usifyonze petroli iliyomwagika: cheche ya mota yatosha kulipua gari, na hapa mpakani mafuta hubebwa mara nyingi katika mitungi. Usifyonze majivu ya sigara yenye moto. Matapishi na damu havifyonzwi. Vaa glavu, vipanguse, kisha utumie dawa yenye klorini. Mashine ya umeme wa nyumbani isishikwe na mtu aliye pekupeku majini.

Mashine peke yake haitoshi. Godoro la kebini litolewe juani, na shuka zioshwe kwa maji ya moto ya nyuzi 60 hivi, ambayo huua utitiri.

Wenye pumu wafanyeje?

Afadhali mwenye pumu asifanye kazi hii mwenyewe. Utingo au ndugu amsaidie, naye akae mbali. Akilazimika kuifanya, avae barakoa inayobana vizuri na awe na dawa yake ya kuvuta karibu. Mtu akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi ya samawati, apelekwe hospitali mara moja.

Na tusisingizie vumbi kila kitu. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, kutokwa jasho usiku au kukonda ni sababu ya kupimwa kifua kikuu. Kebini iliyofungwa, yenye watu wawili wanaolala humo, ni mahali rahisi pa kuambukizana, na hakuna mashine ya kufyonza inayozuia hilo. Fungueni madirisha.

Mgonjwa wangu alinunua mashine nyingine, ndogo vilevile, lakini yenye chujio la kweli, na kazi ya Jumapili akamwachia utingo, naye nikamshauri avae barakoa. Aliporudi baada ya miezi miwili hakuwa na malalamiko. Wewe unayo mashine nyumbani? Chukua leso nyeupe leo, uitandaze mbele ya matundu ya hewa, uwashe. Ikibaki nyeupe, endelea. Ikigeuka kijivu, ujue ni nini umekuwa ukikivuta.